Kifaa Kwanza au Faili Kwanza?

Mada: Kikundi cha usomaji cha Kibarani, nje kidogo ya mji wa Kilifi, kimechanga fedha za kununua vifaa vichache vya kusomea vitabu. Wanunue kipi, na vitabu vyenyewe wavihifadhi katika fomati gani? Wasemaji wametajwa kwa kazi zao. Msomaji asingoje refa.

MWALIMU: Mimi nasema tununue Kindle, tumalize maneno. Kioo chake cha wino wa kielektroniki hakimeremeti. Mtoto anaketi nje saa saba mchana, jua la Kilifi linawaka, na herufi zinasomeka kama za karatasini. Kioo hicho hula chaji ukurasa unapogeuzwa tu, kwa hivyo kifaa kinakaa majuma kadhaa bila kuchomekwa, na stima ya huku nyote mnaijua. La tatu ndilo kubwa kwangu: hakina WhatsApp. Mwanafunzi nikimpa simu asome riwaya, kurasa mbili hazijaisha, keshapotelea kwenye video.

FUNDI: Ya jua na ya chaji nakukubalia, Mwalimu. Lakini mimi ndiye ninayeletewa vilivyokufa. Chini ya kioo cha Kindle kuna kigae chembamba sana. Mtoto akikalia mkoba, basi: nusu ya ukurasa inabaki na michirizi, na hapa mjini huna pa kukipata kioo kipya. Kukiagiza kutoka nje, pamoja na ushuru na usafiri, kunakaribia bei ya kifaa kizima. Simu ikipasuka kioo leo asubuhi, jioni umeshaichukua. Halafu msinione mimi mchawi, haya yameshatokea kwa wenzetu. Shirika la Worldreader lilipeleka Kindle mashuleni Ghana mwaka 2010, na katika jaribio lao la kwanza zaidi ya thuluthi moja ya vifaa viliharibika.

MWALIMU: Na bado hawakukata tamaa, wakaja Kenya mwaka 2011, wakaanzia shule moja Kilgoris, kisha wakaingia maktaba za umma. Vifaa vya wakati ule havikuwa vya kuhimili maji. Tangu mwaka 2018 Kindle Paperwhite inastahimili maji ya mita 2 kwa saa nzima.

FUNDI: Maji baridi hayo! Soma karatasi yao yote. Ya bahari wanaahidi sentimita 25 kwa dakika 3. Sisi tunakaa wapi? Hata bila kutumbukia majini, upepo wa kusi peke yake unapuliza chumvi mpaka tundu la chaja linaota kutu. Kazi yangu nusu yake ni matundu ya chaja.

MWALIMU: Basi simu nazo zinaota kutu vilevile.

FUNDI: Zinaota, nami nazitengeneza. Hapo ndipo ninapotaka tufike. Kama lazima mnunue kifaa cha wino, nunueni kile ambacho fundi ataweza kukifungua. Kampuni ya Kobo mwaka 2024 walitoa vifaa, Clara na Libra, na wakaafikiana na watu wa iFixit kuuza vipuri na kueleza namna ya kuvifungua. Nikipata kipuri na maelezo, nitafanya. Kilichogandishwa kwa gundi pande zote mniletee nikizike.

MKUTUBI: Samahani, naona tunagombania kifaa na hakuna aliyeuliza tutakisomea nini. Mimi ningeanza na faili. Kifaa kitakufa baada ya miaka mitano au sita, kwa kutu au kwa kukaliwa. Vitabu tunataka viendelee kuwepo. Sasa vitabu vya Kindle vimefungwa katika fomati za Amazon, wenye Kindle, peke yao. Walianza na MOBI, ambayo hata si yao: ilikuwa ya kampuni ya Kifaransa, Mobipocket, iliyoanzishwa mwaka 2000, wakainunua mwaka 2005. Wakaja na AZW3, wakaja na KFX. Mwaka 2022 wakatangaza kuwa wataacha kuipokea MOBI kwa njia ya barua pepe, fomati waliyoilea wenyewe. Na tarehe 26 Februari 2025 wakaondoa kitufe cha kupakua kitabu ulichokinunua ukakihifadhi kwenye kompyuta yako. Kitabu umekilipia, lakini huna faili mkononi.

MWALIMU: Mwaka huohuo wa 2022 walianza kupokea EPUB. Husemi hilo?

MKUTUBI: Nalisema. Unawatumia EPUB, kompyuta zao huko ziliko zinaigeuza kuwa fomati yao, kisha wanakurudishia kwenye kifaa. Kwa hiyo unahitaji intaneti, akaunti, na ridhaa yao. Ukichukua EPUB hiyohiyo ukaitia kwenye Kindle kwa waya, haionekani. Kobo ukiitia kwa waya inafunguka papo hapo, bila kumuuliza mtu. EPUB haina mwenyewe: ilitolewa mwaka 2007 na chama cha wachapishaji, na tangu mwaka 2017 inatunzwa na W3C, wale wanaotunza kanuni za wavuti. Ndani ni kurasa za kawaida za wavuti zilizofungwa pamoja katika zipu. Hata programu zote za kusomea zikifa kesho, fundi huyu ataifungua zipu hiyo na kitabu atakikuta.

FUNDI: Nshaifungua mara nyingi. Badili jina la faili liishie na zip, bonyeza, sura zote ziko humo. Lakini Mwalimu asitishwe bure. Kuna Calibre. Ni programu ya bure ya Kovid Goyal, aliianza mwaka 2006, na inakwenda hata kwenye kompyuta kuukuu. Mniletee EPUB, naigeuza kuwa AZW3, natia kwenye Kindle kwa waya, bando halijaguswa. Kwa hiyo hili la fomati kwangu si jambo la kuvunjia kikundi.

MWALIMU: Umesikia, kaka Mkutubi?

MKUTUBI: Nimesikia, na Calibre naitumia kazini kila siku. Ila kila ukigeuza faili kuna kinachodondoka njiani: jedwali linavurugika, tanbihi inapotea, picha inahama. Ndiyo maana nasema EPUB iwe ndiyo nakala mama, haiguswi, na kinachogeuzwa kiwe nakala ya kutumia. Tena andikeni lugha ya kitabu ndani ya faili. Faili ya Kiswahili iliyoandikwa kuwa ya Kiingereza, sauti ya kompyuta inayosoma kwa niaba ya kipofu itaitamka Kiingereza, na mtu hataelewa hata neno. Na majina ya waandishi yapangeni kwa mkono. Calibre ikiachiwa yenyewe huchukua neno la mwisho na kulifanya jina la ukoo.

MSHAIRI: Hapo ndipo uliponigusa, mwanangu. Nimeketi kimya nikidhani haya ni mambo ya vijana. Kijana mmoja alinifungulia orodha ya vitabu kwenye kompyuta, nikamtafuta Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir, mtunzi wa Al-Inkishafi. Kwenye A hayupo. Kwenye S hayupo. Akaja kupatikana kwenye N, ameandikwa Nasir, kisha mkato, kisha Sayyid Abdalla bin Ali bin. Bin nani? Jina limekatwa kichwa, likaachwa linaning'inia. Huo ndio utaalamu mnaotaka kuuhamishia tenzi zetu?

MKUTUBI: Hilo linarekebishika, mzee wangu. Ni kisanduku kimoja cha kujaza.

MSHAIRI: Na nani atakijaza? Haya, tuache majina. Mimi natetea PDF, na najua mtanicheka. Tenzi za pwani hii ziliandikwa kwa herufi za Kiarabu. Nyingi ziko London, katika maktaba ya SOAS, nyingine Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Zilizopigwa picha zikawekwa mtandaoni huja kama picha za kurasa. Ninaona mkono wa mwandishi, naona alipokosea akafuta, naona pambizoni palipoandikwa dua. Hiyo EPUB yako itaniletea nini katika hayo?

MKUTUBI: Itakuletea maandishi unayoweza kuyatafuta neno kwa neno na kuyakuza. EPUB ya tatu, iliyotoka mwaka 2011, inaruhusu kitabu kisomwe kutoka kulia kwenda kushoto. Njia ipo.

MSHAIRI: Njia ipo, msafiri hayupo. Nani ameziandika upya? Kompyuta ya kusoma picha za herufi hukwama hata kwenye Kiswahili cha herufi za Kirumi. Tazama vitabu vya zamani vilivyopigwa picha na kugeuzwa EPUB na mashine bila mtu kuvipitia: ng' imekuwa nukta na takataka, mstari wa juu umeingia wa chini. Basi mkono wa Kiamu wa miaka mia mbili iliyopita mashine itausoma? Na hata akipatikana wa kuandika upya, iko shida nyingine ambayo nyinyi hamuioni kwa kuwa hamtungi. Shairi lina mshororo wa mizani kumi na sita, nane ukwapi, nane utao. Kina cha kati kinakaa palepale, jicho linakiona kikishuka beti baada ya beti. Mtu akikuza herufi kwenye EPUB, mshororo unakatika popote unapotaka. Nusu ya utao inashuka chini, kina cha kati kimeingia katikati ya ukurasa, na shairi limekuwa barua. PDF haimruhusu mtu kunivunjia mshororo.

FUNDI: Kumbe! Mzee, hapo umenifungua macho. Mimi nilikuwa nikiwaambia wateja EPUB ni unga na PDF ni chapati iliyokwisha chomwa, unga ndio bora kwa kuwa utapika utakacho. Sikujua kuna anayetaka chapati yenyewe.

MKUTUBI: La mishororo nalikubali, na dawa yake ipo. Mtengenezaji akiagiza sawasawa ndani ya faili, kipande kilichoshuka kitasogezwa ndani kidogo, na msomaji atajua kuwa ni mshororo uleule. Kinachohitajika ni mtu anayejua shairi na anayejua faili, wakae meza moja. Lakini na wewe, mzee, pima upande wa pili. Ukurasa wa A4 una upana wa sentimita 21. Kioo cha inchi 6 kina upana wa sentimita 9 hivi. Herufi ya ukubwa wa 12 ikiingizwa humo inabaki kama 5. Hiyo ni picha safi. Muswada uliofifia je? Utakuwa ukivuta kioo huku na huku kwa kidole, na vioo vya wino ni vizito kuvutika.

MSHAIRI: Basi nunueni kikubwa.

MKUTUBI: Vipo. Kobo Elipsa ya inchi 10.3 ilitoka mwaka 2021, Kindle Scribe ya inchi 10.2 mwaka 2022.

MWALIMU: Na bei ya kimoja cha hivyo inanunua vidogo viwili au vitatu. Mzee wangu, nakuheshimu kama baba, lakini fedha hizi zimechangwa na wazazi ili watoto wapate kusoma. Nitasimama mbele yao niseme zimenunua kioo kikubwa cha kuangalia miswada iliyoko London?

MSHAIRI: Waambie zimenunua kioo ambacho watoto wao wataona kuwa babu zao walikuwa wakiandika kabla hajaja mmisionari. Wanajua hilo? Umewahi kuwaonyesha?

MWALIMU: Nimewaonyesha. Nilichapa kurasa mbili kwenye karatasi, zikatosha. Mtihani wao hauko humo, mzee. Mtihani uko kwenye vitabu teule, na hapo ndipo ninapozidiwa, kwa sababu nakala hazitoshi darasa.

FUNDI: Si zipo kwenye simu zao? PDF za vitabu teule zimejaa WhatsApp na Telegram. Bembea ya Maisha utaletewa kabla hujamaliza kulitaja.

MSHAIRI: Na aliyekiandika kapata nini?

FUNDI: Si mimi niliyekipiga picha, mzee.

MSHAIRI: Sikukutaja wewe. Nauliza aliyekiandika kapata nini. Diwani yangu nilihangaika nayo miaka. Ikapigwa picha kwa simu, ukurasa kwa ukurasa, kidole cha mpigaji kinaonekana pembeni, ikasambazwa. Watu wananipongeza njiani kwa mashairi ambayo hawakuyanunua. Ndiyo maana mimi sioni ubaya wa kufuli. Hao Amazon na hao wengine wanaofunga vitabu kwa kufuli, kwangu mimi ni walinzi.

MKUTUBI: Walinzi wa nani? Mwezi Julai mwaka 2009 Amazon waligundua kuwa aliyewauzia vitabu viwili vya George Orwell hakuwa na haki navyo. Wakavifuta, wakarudisha fedha. Walivifuta ndani ya vifaa vya wateja, watu wakiwa nyumbani kwao. Vitabu vyenyewe vilikuwa 1984 na Animal Farm. Mkuu wao aliomba radhi, lakini tulishajua mkono wao unafika wapi. Microsoft nao walipofunga duka lao la vitabu mwaka 2019, vitabu vilitoweka, watu wakarudishiwa fedha. Mwanafunzi aliyekuwa ameandika maelezo pembeni mwa sura, fedha hizo zitamrudishia yale maelezo?

[Anayeandika mjadala huu anaomba nusu dakika. Animal Farm ilitoka kwa Kiswahili Nairobi mwaka 1967, Shamba la Wanyama, tafsiri ya Fortunatus Kawegere. Nakala za karatasi za mwaka ule hakuna aliyezifuta kutoka mbali, ingawa mchwa wa pwani nao wana yao. Tuendelee.]

MSHAIRI: Kampuni ilikosea mara moja, nawe umeishika miaka yote hii. Wezi wa vitabu wanakosea kila siku, hao huwataji.

MKUTUBI: Nawataja. Lakini kufuli halijamzuia hata mmoja wao. Diwani yako ilipigwa picha kutoka kwenye karatasi, mzee. Kufuli gani lingeuzuia ule mkono? Linayemzuia ni mnunuzi mwaminifu anayetaka kuhamisha kitabu chake kutoka Kobo kwenda Kindle, au kutoka simu iliyokufa kwenda simu mpya.

FUNDI: Huyo akija kwangu namfungulia.

MKUTUBI: Na utakuwa umevunja Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 2001. Kifungu cha 35 kinakataza kuvunja kinga zilizowekwa kulinda kazi ya mtu.

FUNDI: Hata kama kitabu amekinunua mwenyewe?

MKUTUBI: Usinitumie kama wakili. Ninachokwambia ni kwamba sheria inakitazama kile kitendo cha kuvunja, nami katika maktaba sitakifanya.

FUNDI: Haya. Mteja amelipa kwa kadi ya M-Pesa, ile ya Visa iliyotoka mwaka 2022. Amepokea kitabu, simu imefia majini. Duka halina mlango wa kubisha Kilifi wala Mombasa. Nimwambie nini? Nunua tena? Nyinyi wenye sheria na nyinyi wenye tungo mnazungumza vizuri mkiwa mmekaa. Mimi mtu anasimama mbele yangu na simu inadondosha maji.

MSHAIRI: Mwambie ukweli. Kisha mwambie na huyo anayesambaza PDF kwamba anamla mwenziwe nyama.

MWALIMU: Mzee, nami niseme la moyoni? Darasani nina watoto ambao kitabu teule kimoja wanakisoma watu watano. Usiku hakuna namna ya kukikata vipande. Mtoto akiniambia, mwalimu, nimekisoma kwenye simu ya kaka, mimi simuulizi faili imetoka wapi. Najua ni wizi. Najua pia kwamba amesoma. Kitabu cha karatasi serikali inakitoza VAT ya asilimia 16 tangu mwaka 2013, na anayekinunua ni mvuvi. Nikishika upande wako mtoto hasomi. Nikishika upande wa mtoto, wewe huandiki tena. Nani atanihukumu?

MSHAIRI: Sikuhukumu, binti yangu. Ila usiseme nitaacha kuandika. Nitakachoacha ni kuchapisha.

MKUTUBI: Basi tuanze na vitabu ambavyo mwenyewe ameridhia. African Storybook, mradi ulioanza mwaka 2014 chini ya shirika la Saide la Afrika Kusini, una hadithi za Kiswahili kwa leseni ya wazi: zipakue, zichape, hata zitafsiri. StoryWeaver ya Pratham Books, India, nayo ina za Kiswahili. Na kwa sheria ya Kenya haki ya mwandishi inakwisha miaka 50 baada ya kufa kwake, kwa hiyo tungo za kale ziko huru. Rafu nzima inajaa bila kumwibia mtu. Nakala mama ziwe EPUB, miswada ibaki PDF, kila kitu kiwe kwenye diski mbili, moja shuleni, moja nyumbani kwa mtu mwingine. Kisha kifaa chochote kinachosoma EPUB kwa waya.

MWALIMU: Hadithi za watoto wadogo. Kidato cha nne nitawapa hadithi za sungura?

MZAZI: Mimi naomba kusema. Nimengojea tufike hapohapo kwenye watoto. Mwanangu anasoma shule ya viziwi, hapahapa Kibarani. Nimewasikiliza tangu mwanzo. Mmetaja jua, chumvi, mizani, na sauti ya kompyuta ya kumsomea kipofu. Kiziwi hamkumtaja, na shule yao iko hapa.

MWALIMU: Lakini mama, kiziwi anaona. Kindle ataisoma kama wengine.

MZAZI: Ataiona, sawa. Kusoma je? Lugha ya mwanangu ya kwanza ni Lugha ya Ishara ya Kenya. Katiba ya mwaka 2010 imeitaja, Kifungu cha 7, kwamba serikali iiendeleze. Kiswahili cha kuandikwa kwake ni lugha anayojifunza bila kuisikia hata siku moja. Hadithi anaishika pale mtu anapomwonyesha kwa mikono, na maandishi yakiwa kando. Nairobi kuna kampuni ya eKitabu, wana Studio KSL, wanatengeneza hadithi zenye video ya mtu anayezisimulia kwa ishara. Nimeziona. Mwanangu aliitazama moja akairudia, akairudia tena. Sasa nambieni, hicho kioo chenu cha wino kinaonyesha video?

FUNDI: Hakionyeshi, mama. Kindle kinachelewa hata kugeuza ukurasa. Na vya Kobo vivyo hivyo.

MZAZI: Nami nilichanga kama wengine.

MKUTUBI: Kwa faili hakuna tatizo. EPUB ya tatu inabeba video ndani yake. Kitabu kilekile kikifunguliwa kwenye kishikwambi kitaonyesha mikono. Kwenye kifaa cha wino kitaonyesha maandishi na picha iliyoganda.

MZAZI: Ndiyo, kwa hiyo faili yako ni nzuri na kifaa chenu hakimfai mwanangu. Nilisikia pia kuna mkataba wa kimataifa wa vitabu vya walemavu. Nikafurahi.

MKUTUBI: Mkataba wa Marrakesh, wa mwaka 2013. Kenya iliingia mwaka 2017. Unaruhusu nakala maalumu zitengenezwe bila kungoja ruhusa ya mwenye haki, lakini ni kwa vipofu na kwa wale ambao maandishi ya kawaida hawawezi kuyasoma kwa sababu ya macho, mikono au ulemavu wa kusoma. Viziwi hawamo.

MZAZI: Hawamo. Basi kwa mwanangu tunarudi palepale, kumwomba kila mwandishi.

MSHAIRI: Mimi usiniombe. Diwani yangu chukua, tafuta wa kuisimulia kwa mikono. Hiyo naitoa.

MWALIMU: Tukinunua vishikwambi, mama, tunarudi kwenye lile nililokimbia: michezo, video, chaji ya siku moja. Vishikwambi vya serikali vya mwaka 2016 tuliviona vilipoletwa mashuleni. Shule moja huku vilikaa kabatini mpaka betri zikavimba.

FUNDI: Vilikaa kabatini kwa sababu waliogopa kuvivunja. Kifaa kisichotumika ndicho kinachokufa haraka. Na michezo naweza kuifunga, Mwalimu, ibaki programu ya kusomea peke yake. Kazi ya dakika chache kwa kila kimoja. Hiyo sitawatoza.

MWALIMU: Na jua? Na stima?

FUNDI: Jua sina dawa yake. Watasomea ndani.

MWALIMU: Basi mimi sijakubali. Watoto wangu ni wengi kuliko wa shule ile, na vitabu vyao ni maneno matupu, havina video. Kifaa kinachokaa na chaji majuma kitawafaa wengi zaidi.

MZAZI: Kwa hesabu ya wengi mwanangu atashindwa kila mara, Mwalimu, na sitabishana na hesabu. Naomba kitu kimoja tu. Kabla fedha hazijatoka, azimeni Kindle moja, azimeni na kishikwambi kimoja, na fundi atie humo kitabu kilekile. Vileteni shuleni kwao siku ya kazi, jioni baada ya masomo. Muwape watoto, nyinyi mkae nyuma. Halafu mpige kura.